Alipohamia Upande wa Mteja

Duka la Eddo liko kwenye barabara ya vumbi nyuma ya soko la Garissa, kati ya mwuza simiti na kinyozi. Mbele anauza vitambaa, mashuka na manukato. Nyuma kuna magunia ya unga na sukari, na juu kuna chumba kimoja chenye dirisha linalotazama barabara. Katika chumba hicho nilifanya kazi niliyoipenda kuliko zote nilizowahi kufanya, pamoja na mwanamke ambaye sasa yuko mbali sana, mahali ambapo akinipigia simu asubuhi yake huku kwangu ni jioni, naanua nguo kambani.

Eddo si jina. Kwa Kisomali ni shangazi, na kila mtu pale humwita hivyo, hata mimi niliyezaliwa milimani upande wa Meru. Nilifika Garissa kufundisha kompyuta katika chuo kimoja. Miaka ilivyopita wenzangu wengi wa bara waliomba uhamisho, mkataba wangu nao ukaisha, na mama akanipigia simu kuniambia kwamba chumba changu nyumbani amekifagia na kutandika kitanda. Sikurudi. Nilikuwa nimezoea joto, na wafanyabiashara wa mjini walikuwa wameanza kuniita niwatengenezee tovuti. Eddo ndiye aliyekuwa mteja wangu mkubwa, na hakuacha kuniita mwalimu.

Biashara yake kubwa haikuwa vitambaa. Watu waliohamia ng'ambo walimpigia simu wakitaka wazazi wao wapelekewe mbuzi, unga, mafuta na maziwa ya unga, huko Tarbaj, Banissa, Dadaab, popote lori linapofika. Yeye alikuwa na mawakala kila mahali, na alikuwa anaaminika. Tatizo lilikuwa saa. Huko waliko watu hao mchana ni usiku kwake, na simu yake haikujua adabu ya usingizi.

"Mimi nazeeka," aliniambia. "Hii tovuti iamke badala yangu."

Basi nikamtengenezea. Kwa kuwa naijua mitandao ya huku, niliweka karibu kila kitu upande wa mteja. Yaani mtu akifungua tovuti, simu yake inapakua mara moja orodha ya bidhaa, bei, vituo na mawakala, kisha hesabu yote inafanyika humo humo ndani ya simu, bila kuirudia tena na tena ile kompyuta ya mbali tunayoiita seva. Mtandao ukikatika katikati, ukurasa bado unafanya kazi. Niliijaribu kwa wakala wa Tarbaj, na alinipigia akiwa na furaha, akasema hii ni ya kwanza kumfungukia bila kuzungushwa kama kipofu.

Wiki hiyo ndipo Eddo aliponiletea mpwa wake. Alikuwa amekulia kambini Dadaab, akasoma shule za huko hadi akamaliza, akajifunza kuandika programu katika kituo cha vijana, na sasa alikuwa na kibali cha masomo kilichomruhusu kukaa Garissa. Kiswahili chake kilikuwa kile cha vitabu vya shule, kilichonyooka kuliko changu. Alivaa hijabu ya rangi ya udongo na viatu vya mpira, na alipoketi alitazama kwanza ilipo soketi ya umeme. Nilimpenda hapo hapo.

Eddo alimwambia aitazame kazi yangu. Aliitazama kwa muda mrefu akinywa chai. Halafu akauliza, kwa upole, kama ningemruhusu anunue mbuzi.

Nikamruhusu. Alifungua tovuti kwenye kompyuta yake kama mteja yeyote, kisha akafungua ule upande wa kivinjari ambao watu wengi hawaujui, unaoonyesha programu ya ukurasa ilivyoandikwa. Hakuvunja mlango wowote. Kila kitu kilikuwa pale kwa sababu nilikituma mwenyewe: majina ya mawakala, simu zao, hata lile neno la punguzo ambalo Eddo alikuwa amewapa wateja wake wa zamani tu. Akaibadilisha bei ya mbuzi ikawa bei ya peremende, akabonyeza. Oda ikapita. Chini dukani simu ya Eddo ikalia kumjulisha kwamba amepata mteja.

Eddo alipanda ngazi akihema. Tulipomweleza, bei haikumshtua sana. Alisema angeiona na kumkataa mtu huyo. Kilichomshtua ni majina.

"Mutu akijua nani analetewa nini, jioni nyumba yake imejaa wageni," alisema. "Na si wageni tu. Mimi nimekaa na siri ya hawa watu miaka yote. Sasa simu ya mutu yeyote iko nayo?"

Mpwa wake alitaka kila kitu kihamie kwenye seva. Kivinjari, alisema, kiko mikononi mwa mtu usiyemjua, na kilicho mikononi mwake ni chake, atakigeuza apendavyo. Mimi nikamwambia hayo ni kweli, lakini aende asimame Banissa juani na simu yenye chembe moja ya mtandao, halafu angoje seva imjibu kila anapobonyeza. Tulibishana siku nzima, tukabishana kesho yake. Sijawahi kubishana na mtu kwa raha namna ile. Hakupandisha sauti. Alikuwa akisikiliza hadi mwisho, anafikiri, kisha anasema, "Haya, hilo nimekubali. Lakini hili je?"

Mwishowe tukagawana. Simu ya mteja ingeonyesha bidhaa, ingejumlisha ili mtu ajue anaelekea wapi, na ingemwambia kwa upole kama amesahau tarakimu kwenye namba ya simu. Lakini hakuna neno la simu ambalo lingeaminiwa. Seva ingehesabu yote upya kana kwamba hakuna aliyewahi kuhesabu, na majina yote yangekaa huko, kila mmoja akiona yake tu. Wakala wa Banissa yeye angeweza kuandika kwamba mzigo umefika hata bila mtandao, na simu yake ingengoja mpaka mtandao urudi ndipo itume.

"Simu ipendekeze," alisema, "seva iamue."

Nikachukua kurasa, yeye akachukua seva. Tulifanya kazi Ramadhani yote kwa sababu Eddo alitaka tovuti iwe tayari kabla ya Idd. Alasiri joto lilikuwa linakaa ndani ya chumba kama mtu wa tatu. Yeye alikuwa amefunga. Mimi nilikuwa nakwenda kunywa maji chini nyuma ya magunia, mpaka siku moja akaniambia niache kujificha, maana kila nikirudi nilikuwa na ndevu za unga. Magharibi tulifuturu pamoja, tende kwanza, halafu sambusa za Eddo, na wakati mwingine nilibaki tu nikimsikiliza akisimulia kambi: jinsi mama yake alivyokuwa akipanga foleni ya maji na kumwachia yeye zamu ili akawashe moto, jinsi alivyosoma chini ya taa ya kituo cha afya kwa kuwa ndiyo iliyokuwa haizimiki. Mimi nilimsimulia baridi ya kwetu, na migomba, na mama yangu asiyeamini kwamba Garissa kuna mboga. Wakati huo alikuwa ameshaacha kuniita mwalimu. Alikuwa akiniita abaayo, dada, na mimi vilevile.

Kila alasiri magari ya miraa yaliingia mjini kutoka kwetu, yakipiga honi kutoka mbali, na barabara nzima ilisimama. Mwenzangu alijua kwamba nikiyasikia natulia. Aliacha kuandika mpaka yapite.

Tovuti ilifunguliwa na ikafanya kazi. Oda zilikuja kutoka miji ambayo Eddo hawezi kuitamka, na asubuhi alizikuta zimepangika, akashuka kwenda kuamrisha wapakiaji. Tulipata kazi nyingine: duka la dawa, mwenye hoteli, shule ya binafsi. Nilianza kufikiri kwamba hayo ndiyo yatakuwa maisha yangu, chumba kile na dirisha lile, na mtu wa kuniuliza "lakini hili je?"

Kisha akaitwa.

Maombi ya kuhamishiwa ng'ambo yalikuwa yamekaa tangu akiwa msichana mdogo, na hakuna aliyekuwa akiyazungumza tena, kama vile mtu asivyozungumza mvua ya mwaka usiojulikana. Simu ilikuja asubuhi. Yeye na dada yake walikuwa kwenye faili moja, na faili hiyo imepita. Mama yao alikuwa ameolewa tena na kuandikwa kwenye faili nyingine, na hiyo ilikuwa bado. Walitakiwa kurudi kambini kujiandaa.

Aliniambia akiwa amesimama mlangoni. Nilimpongeza. Nilimkumbatia, nikasema mashallah kama wanavyosema, na nikacheka. Kisha nikasema nina haja ya kushuka dukani, nikasimama kati ya magunia mpaka Eddo aliponikuta. Naye alikuwa amekuja pale kwa sababu ileile.

Siku yake ya mwisho Garissa alikuja chumbani baada ya swala ya alasiri. Tulipitia kazi zote moja baada ya nyingine. Alinionyesha kila kona ya seva aliyoiandika, na mahali alipoweka maelezo ili nisipotee. Tulipomaliza akasogeza kiti chake karibu na changu.

"Sasa nifute," alisema.

Sikumwelewa.

"Akaunti yangu. Ifute, na ubadilishe funguo zote."

Nilimwambia hakuna haraka, angeweza kunisaidia hata akiwa huko. Nilimwambia nani angemwamini zaidi yake. Nadhani nilisema mambo mengi.

"Abaayo," alisema, "mtu akiondoka kazini, funguo zinabaki. Ungekuwa umemwajiri mwingine ungemwachia?"

"Wewe si mwingine."

"Seva haijui hilo, na haifai kujua. Mimi ndiye niliyeiandika isijue."

Basi nikafanya. Nilifungua orodha ya wenye ruhusa, yangu, yake na ya Eddo, nikaliteua jina lake. Mashine iliniuliza kama nina hakika. Yeye alikuwa akinitazama, si kioo. Nikabonyeza. Halafu akafungua kompyuta yake mwenyewe, akaandika neno lake la siri, akajaribu kuingia. Seva ikamjibu kwamba hana ruhusa. Alijaribu tena kwa funguo za zamani, ikamkataa tena.

"Vizuri," alisema. Akafunga kompyuta, akachukua vikombe vyetu akaenda kuviosha, na nilisikia maji yakimiminika kwa muda mrefu kuliko vikombe viwili vinavyohitaji.

Alipanda basi la Dadaab kesho yake asubuhi. Ndege yake iliondoka huko huko, kwenye kiwanja cha vumbi karibu na kambi, na mimi sikuiona.

Miezi ya kwanza alikuwa akinitumia picha: theluji juu ya pipa la taka, kadi yake ya basi, ghala anakofanya kazi ya kufunga vifurushi. Kisha picha zikapungua. Sikumlaumu. Nilijua anavyochoka mtu anayeanza upya, kwa sababu mimi pia mwaka wangu wa kwanza Garissa nilikuwa nikiacha simu za mama zilie. Nilihamishia kiti changu upande wa dirisha. Mfanyakazi mpya sikumtafuta, ingawa Eddo aliniuliza mara kadhaa. Nikikwama nilikuwa nafungua maelezo aliyoniachia na kuyasoma polepole, hata yale niliyokuwa nayaelewa.

Siku moja kabla ya Idd nyingine, nikiwa natazama oda mpya, niliona jina lake. Alikuwa amejiandikisha kama mteja. Unga, sukari, mafuta, maziwa ya unga na mbuzi mmoja, vipelekwe kambini kwa mama yake. Ilikuwa oda kama nyingine yoyote. Imehesabiwa na simu yake, ikahesabiwa upya na seva, ikakubaliwa. Nilikaa nikiitazama mpaka kioo kikazima chenyewe.

Alasiri simu yangu ikalia. Sauti yake ilikuwa na mafua.

"Ukurasa wako umenisumbua," alisema, bila hata salamu. "Umekataa namba yangu ya simu. Umedhani namba zote za dunia zina urefu mmoja."

Nikamwuliza basi oda imepitaje. Akasema alitumia namba ya dada yake. Lakini kwanza, alisema, alijaribu kunizunguka. Alifungua ule upande wa kivinjari, akaufuta ukaguzi wangu, akatuma namba yake kwa nguvu, na seva aliyoiandika mwenyewe ikamtupa nje.

"Nilikaa nikicheka peke yangu jikoni," alisema. "Dada akadhani nimepata wazimu."

Tukacheka. Akaniuliza kama magari ya miraa yameshapita. Nikamwambia bado. Akaomba nisikate. Niliiweka simu dirishani, tukangoja, mimi huku na yeye huko. Yalipokuja, honi zikiwa mbali kisha karibu, nilimsikia akisema kitu kwa Kisomali ambacho sikukishika. Sikumwuliza.

Niliamua kuupeleka mzigo ule mwenyewe. Eddo alisema wapo wapakiaji na wakala, mwalimu ataenda kufanya nini, lakini alinitafutia nafasi mbele ya lori. Barabara ilikuwa ile ile, vizuizi vya polisi, malori ya maji, mbuzi wakivuka bila kutazama. Kambini, mama wa mwenzangu alinipokea mlangoni mwa kibanda chake. Alikuwa mrefu kama binti yake, na alikuwa na namna ile ile ya kusikiliza hadi mwisho. Kisomali changu ni cha sokoni, kwa hiyo dereva alitusaidia. Alinipa chai ya maziwa ya ngamia na akaniuliza kama kweli mimi ndiye wa kompyuta. Alitaka kuona mahali binti yake alipobonyeza.

Nikamfungulia tovuti kwenye simu yangu. Aliishika kwa mikono miwili. Nilimwonyesha picha ya unga, ya mbuzi, na kitufe cha kutuma. Alitazama kwa makini, kisha akasema maneno marefu kwa dereva.

Dereva akasita kidogo. "Anauliza, yeye akitaka kumtumia mtoto, anafinya wapi?"

Nikatazama ukurasa nilioutengeneza mwenyewe. Katika ubishi wetu wote wa nini kikae wapi, hakuna siku tuliyowahi kufikiri kwamba kitu kingetoka huku kwenda kule. Nikamwambia dereva amwambie kwamba bado hakuna mahali pa kufinya.

Mama aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Aliingia ndani, akatoka na kopo la bati lililofungwa kwa kitambaa. Ilikuwa nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyokaushwa, ikakatwa vipande vidogo na kukaangwa, ikahifadhiwa ndani ya samli yake. Alisema binti hula vibaya akiwa na kazi. Nikalipokea.

Garissa nilimtafuta msafiri. Jamaa mmoja wa Eddo alikuwa akienda nchi ile ile na akakubali kulibeba, lakini alipouliza akaambiwa nyama haiingizwi huko, itachukuliwa uwanjani na kutupwa. Akanirudishia kopo na kuomba radhi. Nikampigia mwenzangu kumweleza. Nilikuwa nimejiandaa kumtuliza, lakini alisema alijua tangu mwanzo kwamba lisingefika.

"Lifungue," alisema. "Kaa na Eddo mle, kisha uniambie."

Nikamwita Eddo apande. Tulifungua kitambaa, tukala kwa vidole, simu ikiwa mezani katikati yetu. Nilimwambia nyama ni laini kuliko nilivyotarajia. Nilimwambia iliki ni nyingi, na kitunguu saumu kimeungua kidogo.

"Huungua kila mara," alisema mwenzangu. "Mama hukiacha jikoni akaenda kuongea na jirani."

Eddo akaanza kumweleza kwa Kisomali habari za bei ya mbuzi, na mvua ya Banissa, na nani ameolewa. Mimi nilinawa mikono, nikakaa dirishani nikiwasikiliza. Sikuelewa nusu ya waliyosema, wala sikuwa na haja.